modinfo ya kmod, modinfo ya BusyBox au /sys/module: uchague ipi, na uijaribu vipi kabla ya kuiamini

Saa mbili usiku, seva ya ofisi ndogo, kadi ya mtandao inakatika kila baada ya dakika chache. Mchana wake nilikuwa nimejenga upya draiva ya kadi hiyo kwa toleo jipya, na `modinfo`, amri ya Linux inayoonyesha maelezo ya moduli (kipande cha kerneli, mara nyingi draiva, kinachopakiwa kinapohitajika), ilinionyesha toleo jipya waziwazi. Nikaridhika kwamba draiva si tatizo. Nikabadilisha kebo, nikahamisha tundu kwenye swichi, nikaanza hata kushuku umeme wa jengo. Ilipofika saa nne na nusu ndipo nilipofungua `/sys/module`, saraka ambamo kerneli huonyesha hali ya moduli zilizo kwenye kumbukumbu, na kukuta kwamba draiva inayofanya kazi kwenye kumbukumbu bado ni ile ya zamani. Ile mpya ilikuwa imekaa kwenye diski tu, haijapakiwa.

`modinfo` haikunidanganya. Niliiuliza habari za faili, ikanijibu habari za faili, nami nikalichukua jibu hilo kuwa habari za mashine. Tangu usiku ule nimekuwa nikizijaribu zana hizi moja baada ya nyingine, kwa moduli nzuri na kwa moduli nilizoziharibu makusudi, ili nijue kila moja inajibu swali gani. Haya ndiyo niliyoyakuta, kwa yeyote anayetaka kuchagua ya kutumia kwenye skripti, kwenye kifaa kidogo au kwenye ukaguzi wa seva.

Wanaolinganishwa

Wa kwanza ni `modinfo` ya kmod, ndiyo uliyonayo ukitumia Debian, Ubuntu, Fedora au Arch. Mradi wa kmod ulianza mwishoni mwa 2011 kwa kazi ya Lucas De Marchi, ukachukua nafasi ya module-init-tools ambayo Rusty Russell aliiandika enzi za kerneli 2.6. Ukitazama kwa karibu utaona kwamba `modinfo`, `lsmod`, `insmod`, `rmmod`, `modprobe` na `depmod` zote ni viungo vinavyoelekea programu moja iitwayo `kmod`, na nyuma yake iko maktaba ya libkmod ambayo hata udev ya systemd, inayosimamia vifaa, huitegemea.

Wa pili ni `modinfo` iliyo ndani ya BusyBox, ile programu moja inayobeba amri nyingi, ambayo Bruce Perens aliianzisha miaka ya 1990 ili mfumo wa kusakinisha Debian uenee kwenye diski laini. Leo utaikuta Alpine, kwenye mifumo midogo ya kuwashia kompyuta, na kwenye vifaa vingi visivyo na nafasi. (Ukiwa na ruta ya OpenWrt, jihadhari: `modinfo` ya huko kwa kawaida si ya kmod wala si ya BusyBox. Inatoka kwenye kifurushi chao cha ubox, na inastahili majaribio yake yenyewe.)

Wa tatu si amri. Ni saraka ya `/sys/module`, pamoja na `lsmod` ambayo kazi yake ni kukusomea `/proc/modules` kwa mpangilio unaosomeka.

Faili kwenye diski, au kilichomo kwenye kumbukumbu?

Ukiisahau tofauti hii, mengine yote hayatakufaa.

Faili ya moduli, ile ya `.ko`, ni faili ya ELF, muundo wa kawaida wa faili za programu kwenye Linux. Ndani yake mna sehemu iitwayo `.modinfo`, na sehemu hiyo ni msururu wa maneno ya namna ya `license=GPL`, `depends=...`, `vermagic=...` (kerneli ambayo moduli ilijengewa), kila moja likitenganishwa na linalofuata kwa baiti ya sifuri. `modinfo` husoma yaliyo kwenye faili tu. Haiiulizi kerneli chochote kuhusu moduli hiyo. Kwa hiyo inaweza kukupa maelezo kamili ya moduli ambayo haijawahi kupakiwa tangu mashine inunuliwe, na inaweza kukupa maelezo ya toleo jipya huku la zamani ndilo linaloendesha kadi yako.

`/sys/module` ni kinyume chake. Humo hupati maelezo ya mwandishi wala maana ya kila parameta, ila unapata thamani ya parameta *sasa hivi*. Chukua moduli ya `loop`. Kmod itakuambia:

```
$ modinfo -p loop
max_loop:Maximum number of loop devices (int)
max_part:Maximum number of partitions per loop device (int)
```

Umejua kwamba parameta zipo na ni namba kamili. Hujajua zimewekwa ngapi. Hilo utalipata hapa:

```
$ cat /sys/module/loop/parameters/max_loop
```

Na kuna njia ya kuwakutanisha wawili hao, ambayo ingeniokolea saa mbili na nusu za usiku ule. Moduli nyingi hubeba `srcversion`, alama inayokokotolewa kutokana na msimbo chanzo wake. Iko kwenye faili, na kerneli huiweka wazi pia kwa moduli iliyopakiwa. Zilinganishe (`-F` huomba uga mmoja tu):

```
m=jina_la_moduli
modinfo -F srcversion $m
cat /sys/module/$m/srcversion
```

Zikilingana, unachokisoma kwa `modinfo` ndicho kinachofanya kazi. Zikitofautiana, pakia upya moduli au washa upya mashine kabla hujagusa kebo yoyote. Si kila moduli ina alama hiyo, kwani hutegemea moduli imetaja toleo lake au kerneli ilijengwa kwa kuagizwa iweke alama kwa zote. Ila kwenye draiva za nje ya kerneli, ambazo ndizo zinazotusumbua zaidi, mara nyingi ipo.

`/sys/module` nayo ina mapengo. Parameta ambayo mwandishi wake hakuipa ruhusa ya kusomwa haionekani humo kabisa, ingawa `modinfo` inaitaja. Na moduli iliyojengwa ndani ya kerneli hupata saraka humo ikiwa tu ina toleo au walau parameta moja. `lsmod` kwa upande wake haitaji kamwe zilizojengwa ndani. Nimeona watu wakitafuta `ext4` kwenye `lsmod`, wasiione, kisha wakadhani mfumo wao hauna ext4 ilhali diski yao yote imeandikwa kwa mfumo huohuo wa faili.

Zilizojengwa ndani: hapa kmod inaiacha BusyBox mbali

Kuanzia kerneli 5.2 ya mwaka 2019, ujenzi wa kerneli hutoa faili iitwayo `modules.builtin.modinfo` yenye maelezo ya moduli zilizojengwa ndani, na kmod ya karibuni huisoma. Ndiyo maana `modinfo loop` kwenye Ubuntu, ambako `loop` imejengwa ndani, hukuonyesha `filename: (builtin)` na chini yake leseni na parameta. Amri hiyohiyo kwenye Debian hukupa njia kamili ya faili, kwa kuwa huko `loop` ni moduli ya kawaida.

BusyBox hutafuta jina kwenye `modules.dep`, na moduli iliyojengwa ndani haimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo usisome ukimya wa BusyBox kuwa ushahidi kwamba kerneli haina uwezo fulani.

Tofauti hiyo huzaa kosa jingine kwenye skripti. Watu huandika `cp $(modinfo -n loop) /tmp/` wakijaribu kwenye Debian, inafanya kazi, kisha inaanguka kwenye Ubuntu kwa sababu hakuna faili iitwayo `(builtin)`. Ukitumia `-n`, inayotoa njia ya faili tu, chunguza kwanza kama jibu linaanza na mkwaju (`/`).

Jinsi kila moja inavyosoma faili

Kmod hufungua faili kama ELF, hutafuta jedwali la sehemu, huenda kwenye `.modinfo` na kusoma pale pale. BusyBox haijishughulishi na muundo huo. Huipakia faili nzima kwenye kumbukumbu na kupekua baiti zake ikitafuta maneno inayoyajua yakifuatwa na alama ya `=`. Njia hiyo ni nyepesi, inatosha kwa kifaa kidogo, na mara nyingi majibu hufanana. Ila fanya jaribio hili, utaona zinapoachana:

```
cp "$(modinfo -n loop)" /tmp/loop.ko
cd /tmp
s=$(stat -c %s loop.ko)
head -c $((s - 4096)) loop.ko > kipande.ko
modinfo ./kipande.ko; echo "kutoka: $?"
busybox modinfo /tmp/kipande.ko; echo "kutoka: $?"
```

(Faili yako ikiishia na `.ko.xz`, ifungue kwanza kwa `xz -d`. Na kama kwako `loop` imejengwa ndani, chagua moduli nyingine yoyote yenye faili. Moduli ikiwa imesainiwa na saini yake ni ndefu, ongeza idadi ya baiti unazokata hadi mkato uingie ndani ya ELF yenyewe.)

Jedwali la sehemu la faili hizi hukaa mwishoni, kwa hiyo ukikata mkia umelikata lenyewe. Kmod hulalamika kwamba imeshindwa kupata maelezo na hutoka kwa msimbo usio sifuri, ndiyo ishara ya kosa. BusyBox, ikiwa maneno ya `.modinfo` yamebaki ndani ya kipande, hukuonyesha leseni na maelezo kana kwamba faili ni nzima.

Lakini tazama vizuri matokeo ya kmod. Kabla ya kulalamika, imekwisha kuchapa mstari wa `filename:`. Na ukitumia `modinfo -n ./kipande.ko` peke yake, inakupa jina la faili na kutoka salama, kwa sababu kujibu swali la jina hakuhitaji kufungua faili. Kwa hiyo skripti inayotumia `-n` kuhakikisha moduli iko sawa haihakikishi chochote zaidi ya kuwepo kwa jina. Tumia `-F vermagic` badala yake: kmod lazima ifungue faili ili ikujibu.

Saini

Hapa ndipo ninapomsihi msomaji awe makini kuliko pengine pote, maana watu hujenga ukaguzi wa usalama juu ya jibu hili.

Saini ya moduli haimo ndani ya `.modinfo`. Hubandikwa mwishoni mwa faili, ikifungwa na maneno `~Module signature appended~`. Kmod inajua kwenda mwishoni, kuisoma na kukuonyesha `signer`, `sig_key` na `sig_hashalgo`. BusyBox haina habari na mkia huo. Ukiiuliza `-F signer` kwa moduli iliyosainiwa vizuri kabisa, hupati kitu, na msimbo wa kutoka ni sifuri.

Usikimbilie kusema basi kmod inatosha. Moduli isiyosainiwa, ukiiuliza kmod `-F signer`, nayo hujibu kwa ukimya na msimbo wa sifuri. Kwa zana zote mbili, uga usiokuwepo si kosa. Skripti yenye `if modinfo -F signer $m; then` itapitisha kila kitu. Inabidi upime kama jibu ni tupu, na uhakikishe kwanza ni `modinfo` ya nani inayokujibu:

```
modinfo --version
s=$(modinfo -F signer "$m")
[ -n "$s" ] || echo "haina saini: $m"
```

Na hata jibu likijaa, kmod *inasoma* saini, haiihakiki. Jaribu mwenyewe kwenye nakala ile ya `/tmp`, kama moduli za mfumo wako zimesainiwa:

```
LC_ALL=C sed 's/Maximum number of loop/MAXIMUM number of loop/' loop.ko > geuzwa.ko
modinfo -p ./geuzwa.ko
modinfo -F signer ./geuzwa.ko
```

Maelezo yamebadilika mbele ya macho yako, na jina la aliyesaini bado lipo vilevile. Kerneli ndiyo inayohakiki, wakati wa kupakia. Kwa hiyo kama swali lako ni "je, kerneli iliikubali saini?", nenda kwenye `/sys/module/$m/taint`, faili ya alama za tahadhari ambazo kerneli huiwekea moduli. Herufi `E` humo ina maana kwamba imepakiwa moduli isiyo na saini inayotambulika, na `O` kwamba moduli imejengwa nje ya mti wa kerneli.

Mambo madogo yanayoamua

Parameta: kwenye faili, maelezo ya parameta na aina yake ni mistari miwili tofauti, `parm` na `parmtype`. Kmod huiunganisha na kuandika aina kwenye mabano mwishoni. BusyBox hukupa maelezo bila aina. Ukilinganisha matokeo ya zana hizi mbili mstari kwa mstari, jaribio lako litaanguka ingawa hakuna kasoro. Linganisha uga kwa uga kwa `-F`, usilinganishe ukurasa mzima.

Faili zilizobanwa: kmod husoma `.gz`, `.xz` na `.zst` ikiwa imejengwa na maktaba hizo, na `modinfo --version` hukuonyesha imejengwa na zipi. BusyBox hufungua gzip na xz ikiwa mjenzi aliziruhusu, lakini zstd haimo. Arch hubana moduli zake kwa zstd, kwa hiyo hapo swali la BusyBox limejifunga lenyewe.

Toleo jingine la kerneli: kmod ina `-k` ya kutaja toleo na `-b` ya kutaja mzizi mwingine. BusyBox huangalia kerneli inayoendesha mashine sasa, basi. Ukitaka kukagua taswira ya kadi ya SD kabla ya kuipeleka kwenye kifaa, hiyo peke yake inakutosha kuchagua kmod.

Kutambua kifaa: wanaonunua vijiti vya Wi-Fi visivyo na boksi wala jina wanajua tabu yake. `lsusb` inakupa namba, tuseme `0bda:8179`, halafu unataka kujua draiva ipi inaikubali. Uga wa `alias` hutaja vifaa ambavyo moduli inavikubali, kwa hiyo `modinfo -F alias rtl8xxxu | grep -i 8179` hukujibu kama draiva hiyo, kwenye kerneli yako, inaijua namba hiyo. BusyBox nayo hufanya hivi sawasawa. Kwa kazi hii sioni sababu ya kubagua.

Uijaribu wapi

Ukijaribu kwenye mashine yako, unapima mashine yako. Ukijaribu ndani ya kontena utakumbana na jambo linalowachanganya wengi: `uname -r` humo hurudisha kerneli ya mashine mwenyeji, lakini `/lib/modules` ya kerneli hiyo haimo ndani ya kontena. `modinfo loop` inasema moduli haipo, na jaribio linafeli bila zana kuwa na kasoro.

Njia ninayoipenda ni mzizi wa kuigiza. Hauhitaji kuwa `root`, hauhitaji kupakia chochote, na matokeo ni yaleyale kesho na keshokutwa:

```
d=mzizi/lib/modules/6.1.0-jaribio
mkdir -p $d/kernel
cp /tmp/loop.ko $d/kernel/
depmod -b mzizi 6.1.0-jaribio
modinfo -b mzizi -k 6.1.0-jaribio -F license loop
```

`depmod` itanung'unika kuhusu faili mbili tatu zisizokuwepo, iache inung'unike. Usisahau kutaja `-b` na `-k` pamoja, maana `-b` peke yake itatafuta toleo la kerneli inayoendesha mashine ndani ya mzizi wako, isilione.

Waandishi wa kmod wenyewe wanaenda mbali zaidi ya hapo. Majaribio yao hutumia `LD_PRELOAD` kudandia maktaba ndogo mbele ya programu, ili kila inapofungua njia ya faili ielekezwe kwenye mzizi wa kuigiza, na inapouliza `uname` ipewe toleo la uongo. Kisha matokeo ya kila uga hulinganishwa na faili ya jibu sahihi lililohifadhiwa. Moduli zao za majaribio zimejengwa kwa vichakataji vya i386, x86_64 na sparc64. Ile ya mwisho ipo kwa sababu hupanga baiti kinyume na mbili za kwanza, na kisomaji cha ELF kinachofanya kazi kwenye laptopu kinaweza kuanguka papo hapo kikikutana nayo. Ukiwa unaandika zana yako mwenyewe ya kusoma moduli, iga hilo kabla ya jingine lolote.

Mashine pepe ya QEMU ninaiacha kwa jambo moja: kujaribu yanayotokea moduli inapopakiwa kweli, yaani `taint`, `srcversion` ya kwenye kumbukumbu na kukataliwa kwa saini. Ile `geuzwa.ko` usiipakie kwenye mashine unayoitegemea.

Basi uchukue ipi

Kwenye seva, laptopu na skripti yoyote itakayoendeshwa na mtu mwingine: kmod, kwa `-F`, na kwa `-0` pale unaposoma maelezo ya parameta, kwa kuwa baadhi yake yana mistari mipya katikati na skripti inayokata kwa mistari itayavunja.

Kwenye kifaa kidogo ambacho BusyBox tayari ipo: itumie kwa leseni, utegemezi, alias na orodha ya parameta. Usiongeze kmod kwa ajili ya hayo. Saini na uzima wa faili vikague kwenye mashine kubwa, kwa `-b` na `-k`, kabla taswira haijatoka mkononi mwako.

Unapotafuta chanzo cha hitilafu kwenye mashine iliyo hai: anza na `/sys/module`, kisha `modinfo`, kwa mpangilio huo. Ile seva ya ofisi, baada ya kuondoa moduli ya zamani na kupakia mpya, `srcversion` mbili zililingana, na kadi haikukatika tena usiku ule. Kebo ya zamani niliirudisha mahali pake asubuhi.